Taa tatu, na ile ya udongo

Leo ni siku ya nne ya mbalamwezi. Mitumbwi imepandishwa mchangani hapa Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, vijana wengine wanashona nyavu, wengine wameshuka mjini kumaliza hela. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, kwa hiyo ziwa linapumzika, na sisi tunaoishi kwa dagaa tunapata muda wa kuwaza mambo ambayo wakati wa giza hatuna nafasi nayo.

Mimi nawaza taa zangu. Nilikuwa nazo tano, za betri, kila moja na boya lake. Usiku wa mwisho wa giza lililopita tulizirudisha bandani, nikafunga mwenyewe. Alfajiri kufuli lipo palepale, ubao wa nyuma haupo. Taa tatu zimekwenda na betri zake.

Siku mbili chakula hakikupita. Nilishuku mwalo mzima, kila mtu wa hapa ufukweni, mpaka yule mama anayetuuzia uji kwa mkopo, Mungu anisamehe. Mtu akinisalimu "mwangaluka", salamu ya Kisukuma, naitikia huku namtazama mikono. Majirani wakaja na pole zao, ajali haina kinga, kilichokwenda kimekwenda. Niliwashukuru kwa mdomo. Moyoni nilitaka waondoke.

Jumapili akaja mpwa wangu anayesoma chuo kule Malimbe. Akakaa juu ya ndoo, akasema, "Shangazi, kuna mzee aliibiwa taa kama wewe, miaka kama 1,900 iliyopita." Nikamwambia kama amekuja kunitania apande bodaboda arudi alikotoka. Hakuondoka. Alinisomea kutoka kwenye simu yake, akinitafsiria, na tangu siku hiyo huyo mzee hajanitoka kichwani.

Jina lake Epictetus. Alizaliwa mtumwa huko Hierapolis, ambako leo ni Uturuki, na jina lenyewe kwa Kigiriki lina maana ya kitu kilichopatikana, kama unavyosema shamba la kununua. Alikuwa kilema wa mguu. Baadaye aliachwa huru, akafundisha Roma mpaka mfalme Domitian alipowafukuza wanafalsafa, akahamia Nicopolis, Ugiriki, akafungua shule. Yeye hakuandika kitu. Tunamjua kwa sababu mwanafunzi wake Arrian alikuwa anaandika mwalimu akisema.

Basi mzee huyu alikuwa na taa ya chuma nyumbani. Siku moja akasikia kishindo dirishani, akakimbia, taa haipo. Akajiambia, kesho utapata ya udongo, kwani mtu hupoteza kile alichonacho. Mahali pengine akaongeza neno ambalo mimi ndilo lililonishika: mwizi alimshinda kwa kukesha, lakini taa ile aliinunua ghali, maana bei yake ilikuwa yeye kugeuka mwizi.

Nilicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Kumbe aliyekesha kunizidi naye ametoa kitu.

Halafu nikakasirika tena. Taa ya Epictetus ilikuwa ya kumulikia chumba. Zangu zinalisha mimi, mama yangu na vijana wanne wa mtumbwini. Nikamwambia mpwa wangu kwamba falsafa ni rahisi ukiwa na mshahara. Akanijibu kwamba Zeno, aliyeanzisha mafundisho haya, husimuliwa kuwa alikuwa mfanyabiashara, meli yake ikazama na shehena ya rangi ya zambarau, akafika Athens mikono mitupu. Huko ndiko alikokuja kufundisha chini ya baraza lenye michoro, na wafuasi wake, Wastoa, wakapata jina kutokana na hilo baraza, kwa Kigiriki "stoa". Hapo nikanyamaza. Mtu wa ziwa hili hahitaji kuelezwa mzigo kuzama ni nini.

Neno "ridhika" siliamini sana, nakiri. Nimelisikia zaidi kutoka kwa watu walioshiba. Hata kati ya Wastoa yumo Seneca, tajiri mkubwa, aliyemshauri rafiki yake atenge siku chache ale chakula duni na avae nguo mbovu, kisha ajiulize kama hicho ndicho alichokuwa anakiogopa. Sisi zoezi hilo tunalifanya kila mwezi ukiandama ukakua. Tunakula ugali wa udaga, wa muhogo, na dagaa waliovunjika, na hakuna aliyetuita wanafalsafa.

Ila nilipotulia niliona kwamba Epictetus hakusema kaa bila taa. Alisema kesho utapata nyingine. Hayo ni mambo mawili, na ndipo nilipokuwa najikwaa. Aliyagawa mambo mafungu mawili, yaliyo mikononi mwetu na yasiyo mikononi mwetu. Mvua ikishuka dagaa wakiwa kwenye chanja, mvua si yangu. Dagaa walionyeshewa wataishia kuwa chakula cha kuku, kwa bei ya kuku. Lakini kuamka saa tisa nikaangalia mbingu ni juu yangu. Ubao wa nyuma wa banda nao ulikuwa juu yangu, tuseme kweli. Niliuona umelegea tangu mwezi uliotangulia.

Kuna jingine. Marcus Aurelius, aliyetawala Roma toka 161 mpaka 180, alikuwa na maandishi yake ya faragha, mengine aliyaandika kambini akiwa vitani. Sehemu ya kwanza yote ni shukrani. Anataja mtu mmojammoja na kitu alichopata kwake: babu, mama, walimu. Anamshukuru mwalimu mmoja, Rusticus, kwa kumwazima maneno ya Epictetus. Fikiria, mfalme anatoa shukrani kwa kupewa maneno ya mtumwa.

Nimejaribu orodha yangu nyuma ya daftari la madeni. Bibi, kwa kunifundisha kugeuza dagaa kabla jua halijawa kali. Baba, kwa kutonificha hesabu za mtumbwi ingawa nilikuwa mtoto wa kike. Mama, kwa kusema "wabeja", yaani asante, hata akipewa kikombe cha maji na mjukuu. Kijana wetu wa mbele, kwa kutolewa kazini akiwa mlevi mara moja na kutorudia. Nikamfikia tajiri niliyemfanyia kazi zamani, aliyenilaza njaa kwa hesabu zake za ujanja. Kalamu ilisimama. Nusu saa nzima. Mwishowe niliandika: kwake nilijifunza kuhesabu makarai kabla ya maongezi. Sikuongeza neno.

*

Giza limerudi, usiku wa pili sasa. Kwa zile mbili zilizobaki nimeongeza taa mbili za bei ya chini, za plastiki, mwanga wake wa njano kama chai. Kijana wa mbele alizigeuza mikononi akasema, "Mama, hizi mwizi akiziona atatuachia hela." Nikamsimulia ile taa ya udongo. Nikamwambia na mwisho wake pia, kwamba Epictetus alipofariki mtu aliinunua kwa drakma 3,000, sarafu za Kigiriki, akitarajia kupata hekima kwa kusomea mwanga wake. Vijana walicheka mpaka mtumbwi ukayumba.

Saa tano usiku nilipanda juu ya jiwe. Taa zilikuwa zimetapakaa majini kama mji mwingine. Zangu nilizitambua haraka, zile hafifu.

Asubuhi tumepata makarai tisa. Usiku kama huu giza lililopita, kwa taa tano, yalikuwa kumi na nne. Dagaa wako kwenye chanja tangu saa mbili, na upande wa Ukerewe kuna wingu silipendi. Naacha kuandika, nikalete maturubai.