Siku Tulipoushusha Mkalitusi

Watu hudhani tawi huangushwa na upepo. Letu lilianguka mchana wa jua kali, hewa imetulia tuli, hata jani halitikisiki. Mama alikuwa ametoka kuanua nguo. Hajakanyaga hata kizingiti, ukasikika mlio mmoja mkavu, na tawi nene kuliko paja la mtu mzima likatua juu ya kamba aliyokuwa ameiacha punde tu. Baadaye nilikuja kujua kwamba baadhi ya mikalitusi ina tabia hiyo: siku ya joto, pasipo upepo wala onyo, inatupa tawi zima. Siku ile hakuna aliyetaka maelezo. Mama aliingia ndani akamkuta baba kwenye kiti chake.

"Baba watoto, chagua. Mti au sisi."

Baba hakujibu papo hapo, na sikumlaumu. Aliupanda mwenyewe, mche wenyewe ukimfikia gotini, hatua chache tu kutoka ukuta wa chumba chao. Nani anayepanda mche wa kimo hicho anaona ghorofa? Mkalitusi ni mti wa haraka, unaweza kuongeza mita kadhaa kwa mwaka mmoja. Nilipomaliza shule, mimi na kaka yangu tukiukumbatia kutoka pande mbili vidole vyetu havikutani. Hoja ya baba ilikuwa kivuli. Ukweli ni kwamba kivuli cha mkalitusi ni cha kubahatisha, majani yake yananing'inia wima na jua linapita katikati, lakini nani angemwambia.

Fundi wa kwanza alikuja na vijana wake na msumeno wa mnyororo begani. Akatazama juu mara moja, akasema atafunga kamba kileleni, vijana wavute upande wa uwanja, yeye akate chini, na kabla ya adhuhuri kazi imekwisha. Baba alimpenda kwa sababu hakuwa na maneno mengi. Mama ndiye aliyeuliza.

"Na kamba ikikatika, mwanangu?"

"Haikatiki, mama."

"Haya, tumeshukuru. Uende salama."

Wa pili alikuwa mtu mzima, mfupi, sauti ya chini. Alifika mikono mitupu. Akauzunguka mti polepole, akarudi nyuma hadi kwenye ua, akachuchumaa akiupima kwa jicho. Mti ulikuwa umeegemea nyumba. Sisi tulikuwa tumeuzoea hata tusiuone mwegamo wake, lakini aliponiita nichuchumae pale alipokuwa, niliona shina zima limeinamia paa, na juu ya mwegamo huo matawi mazito yote yamekwenda upande huohuo, yakitafuta jua. Shina lilikuwa limegawanyika panda mbili, na pale zilipoachana gome lilikuwa limebanwa ndani. Akatuonyesha kwa kidole. Panda ya namna hiyo haijashikana mbao kwa mbao, kuna gome katikati, na siku moja inaachia.

Kisha akapiga magoti kwenye mizizi. Upande wa ukutani kulikuwa na uyoga mgumu umeota mfano wa rafu, ambao sisi watoto tulikuwa tukiukalia. Akaomba nyundo. Akagonga shina kuanzia chini, hatua kwa hatua, sikio karibu na gome. Upande wa uwanja mlio ulikuwa mzito, umejaa. Upande wa nyumba ulirudi mtupu. Siku iliyofuata alikuja na keke yenye msumari mrefu mwembamba, akatoboa. Unga wa kwanza ulitoka mweupe, mkavu, unanukia dawa. Baada ya kina cha kiganja ukabadilika kuwa wa kahawia, umelowa. Halafu msumari ukazama wenyewe bila kusukumwa. Akauchomoa, akamwangalia baba.

"Mzee, huu hatuwezi kuuangusha. Tutaushusha."

Baba alidhani ni jambo lilelile. Fundi akamweleza kwa subira, akichora ardhini kwa kijiti. Ukitaka mti ulale unakotaka, unakata mdomo, yaani pengo la pembe, upande wa kuangukia, kina chake kama robo ya unene wa shina au pungufu, kisha unakuja na mkato wa nyuma, lakini hufiki mwisho. Unaacha ukanda wa mbao, kama sehemu moja ya kumi ya unene, na ukanda huo ndio bawaba: mti unazunguka juu yake ukishuka, na ndiyo inayouongoza. Shina lililooza ndani halina mbao ya kutengenezea bawaba. Likianza kwenda, linakwenda linakotaka lenyewe. Na mti ulioegemea ukikatwa vibaya unaweza kupasuka wima, shina likarukia nyuma kifuani mwa mkataji. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Basi ushusheni."

Kabla ya kuwasha msumeno kulikuwa na mambo ya kungoja. Waya wa umeme wa nyumba ulipita chini ya matawi, na fundi alikataa kabisa kugusa chochote mpaka watu wa umeme waje wenyewe kuukata na kuushusha. Walikuja, wakaushusha. Tulilala gizani kwa muda na baba akapata jambo jingine la kulalamikia.

Siku yenyewe alitutoa wote ndani, hata bibi, ambaye alibebewa kiti hadi kwa jirani na akakigeuza ili aone. Kijana mpandaji alivaa kofia ngumu na mkanda wa usalama, akapanda upande wa mbao nzima. Juu ya panda alifunga mnyororo kuzibana shina mbili zisiachane akiwa huko. Matawi madogo yalishuka kwa msumeno wa mkono, yakidondoka tu upande wa uwanja, na sehemu hiyo sikumbuki sana. Ninachokumbuka ni tawi kubwa, lile lililokaa juu ya chumba cha wazazi wangu kwa miaka yote hiyo.

Fundi alinipa mimi kamba. Nilidhani ananitania. Kamba ilitoka kwenye tawi, ikapanda hadi kwenye kapi iliyofungwa juu zaidi, ikashuka hadi kwenye shina la mti mwingine nyuma ya uwanja, na pale akaizungusha mara tatu. "Hushikilii tawi, mwanangu," akasema. "Mti huu ndio unaoshikilia. Wewe unauambia tu uachie lini." Hesabu yake alinipa palepale: gogo bichi la mkalitusi lenye kipenyo cha sentimita 50 na urefu wa mita 1 linakaribia kilo 200, na likidondoka hata nusu mita kabla ya kamba kukaza, nguvu inayoivuta kamba inazidi uzito huo mara kadhaa. Kwa hiyo kamba ikae imekaza tangu mwanzo, na tawi likiachia, mimi niachie pia, polepole, lisisimame kwa kishindo.

Msumeno ulinguruma juu. Unga ukatumwagikia mabegani. Niliona mkato ukifunguka, kwanza mstari mweusi, kisha uwazi wa vidole, halafu tawi likainama kwa adabu ambayo sikuitarajia. Kamba ikalia kwenye gome la ule mti mwingine. Nikahisi joto likija kupitia glavu, kamba ikipita kidogo kidogo, na tawi zima, na majani yake yote, likaondoka juu ya paa likielea kuelekea uwanjani. Ncha za majani zilikwaruza vigae. Kigae kimoja kilisogea. Hakikuvunjika. Fundi alikuwa kando yangu akirudia neno moja tu, "Taratibu, taratibu, taratibu," mpaka liliposhika ardhi na kamba ikalegea mikononi mwangu.

Bibi alipiga vigelegele kwa jirani. Mama hakusema kitu. Alikwenda kukitazama kile kigae.

Shina lilishushwa vipande vifupi, kutoka juu kuja chini, kila kimoja na kamba yake, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kazi ya namna hii haiuzwi kwa haraka. Kukata ni dakika. Kufunga, kukagua fundo, kumngoja aliye juu ahame, kuwaondoa watu chini, ndiko siku inakokwenda. Vipande vya mwisho vilikuwa vitupu katikati. Cha chini kabisa kilikuwa na tundu ambalo ningeweza kuingiza kichwa, kuta zake laini, zimetafunwa na mchwa, na upande wa nyumba mbao nzima ilikuwa imebaki upana wa kiganja. Baba aliingiza mkono ndani, akautoa umejaa vumbi jeusi, akaupangusa kwenye suruali. Kuhusu kivuli hakuzungumza tena.

Kisiki kilikuwa vita vingine. Mkalitusi ukikatwa haukubali, unachipua upya kutoka kwenye kisiki, tena kwa fujo. Fundi alishauri tusiking'oe, kwa kuwa mizizi ilikuwa imeingia karibu na msingi na kuing'oa kungetikisa ukuta. Kazi ya kukata machipukizi ilikabidhiwa kaka yangu, ambaye aliifanya kwa hasira kila yalipofika kimo cha kiuno, badala ya kuyaondoa yangali vidole, na ndiyo sababu kisiki kilichukua muda mrefu hivyo kuchoka.

Halafu kulikuwa na ufa, kwenye ukuta wa chumba cha wazazi, kuanzia kona ya dirisha kushuka. Baba alitaka kuuziba wiki ileile. Fundi akamzuia. Udongo wetu ni wa mfinyanzi, akasema, na mti mkubwa kama ule huunyonya maji miaka nenda rudi mpaka unasinyaa. Mti ukiondoka, maji yanarudi, udongo unavimba, na ukuta unaweza kuinuka. Ngoja mvua zipite uone nyumba inakaaje. Akachora kwa penseli mstari mdogo kila mwisho wa ufa, na tarehe.

Mvua zilipita. Baba alikuwa akiukagua ufa asubuhi na miwani yake, mara nyingine na rula. Ulirefuka kidogo kuelekea chini, kama upana wa kidole, kisha ukatulia. Msimu uliofuata haukusogea kabisa. Mama akauziba mwenyewe kwa plasta na kupaka rangi, na baba akazunguka nyumba nzima akitangaza kwamba rangi hiyo si ile ya mwanzo.