MP3 ya 128 haigeuki 320

Kuna watu wanachukua MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, wanaipitisha kwenye programu, inatoka 320, kisha wanaisambaza kama "ubora wa juu". Kilichoongezeka ni uzito tu: dakika moja ya wimbo ilikuwa takriban MB 1, sasa ni MB 2.4. Sauti ni ileile, au imeharibika kidogo zaidi, kwa sababu kila unapokandamiza upya, MP3 inatupa kitu kingine, na kilichotupwa mwanzo hakirudi.

Kuibaini faili ya namna hiyo wala si kazi. Fungua faili kwenye Audacity (programu ya bure ya kuhariri sauti), bofya jina la wimbo pembeni, chagua spektogramu, yaani picha inayoonyesha sauti nzito chini na nyembamba juu. Hakikisha kipimo kinapanda hadi hezi 20,000. Kikiishia 8,000 hutaona mkato wenyewe. Faili iliyowahi kuwa 128 mara nyingi hukatika karibu na 16,000, kama imepigwa panga. (Rekodi za zamani nazo ni kimya huko juu, ila zenyewe hufifia taratibu.) Sikiliza pia matoazi: yakilia kama maji yanayochuruzika, ndiyo hiyo.

Ukitaka 320 ya kweli, anzia kwenye CD au FLAC (faili ya sauti isiyotupa kitu), ugeuze mara moja tu.