Siku yangu moja: mtaalamu wa lishe asiye na wodi

Saa 11:40 alfajiri, Kimara, Dar es Salaam

Simu huanza kazi kabla yangu. Nina wateja wanane wanaonitumia picha za sahani zao kwa WhatsApp, na wa kwanza siku zote ni babu mmoja mstaafu mwenye kisukari. Jana usiku ametuma mchicha. Mchicha mtupu, umejaza picha kutoka kona hadi kona.

"Shikamoo babu. Ugali uko wapi?"

"Marahaba mjukuu wangu. Ugali upo kidogo."

Dakika kumi baadaye unaingia huo ugali kidogo: ni kichuguu. Tulikubaliana ukubwa wa ngumi yake, nami sikuwa nimewahi kuiona ngumi yenyewe. Sukari ya asubuhi kabla hajala ni 8.1. Namwomba aiandike kwenye daftari na aende nalo kliniki Alhamisi. Dawa siigusi, hiyo ni kazi ya daktari wake. Yangu ni kichuguu.

Nilisoma lishe Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) pale Morogoro, kisha nikakaa hospitalini miaka minne. Mgonjwa alikuwa anafika kwangu na karatasi ya rufaa, tunaongea robo saa, namkabidhi orodha ya vyakula iliyotolewa fotokopi mpaka herufi zimefifia. Orodha ile ilimtaka ale tufaha. Mtu anatoka Mbagala, mapera yameanguka uani kwake yanaoza, mimi namtuma akanunue tufaha la kutoka Afrika Kusini. Sikuondoka kwa hasira, ila ile orodha ilichangia.

Saa 2 asubuhi, Barabara ya Nyerere

Mwendokasi mpaka Gerezani, halafu daladala ya Gongo la Mboto, nimesimama njia nzima. Naenda kwenye kiwanda kimoja chenye kantini inayolisha watu 120 mchana na wengine usiku. Waliniita kwa sababu wafanyakazi walikuwa wanasinzia kwenye mashine baada ya kula. Meneja alidhani nitawaletea saladi.

Mpishi mkuu ni mama wa makamo, ana khanga kiunoni na hana haraka na mtu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja tena kutunyima mafuta?"

Leo nimekuja na jagi la plastiki lenye mistari, la kwangu la nyumbani. Namwomba apike maharage kama anavyopika siku zote, ila kila anachomimina kipite kwenye jagi kwanza. Anacheka. Kapika miaka ishirini, anasema, mizani yake ni mkono. Anamimina, napima, anamimina tena. Ukijumlisha maharage, wali na mchicha, dumu la lita 5 limekwisha. Gawanya kwa watu 120: karibu vijiko vitatu vya chakula vya mafuta kwa kila sahani, juu ya mlima wa wali. Mimi nami ningesinzia.

Zamani ningeandika ripoti ya kurasa sita na kumpelekea meneja. Nilishaifanya hiyo kazini kwingine. Matokeo yake mpishi aligombezwa, na wiki iliyofuata mafuta yakarudi palepale, nami sikusalimiwa tena. Siku hizi nakaa jikoni. Tumejaribu sufuria ndogo pembeni: mafuta nusu, lakini kitunguu kimeachwa mpaka kikawa rangi ya kahawia, nyanya zikakaushwa maji kabisa, tui likaingia mwishoni. Mama ameonja mara mbili. Mara ya pili hakuwa na haja ya kuonja.

"Haya si mabaya," amesema. Kwa anayemfahamu, hiyo ni cheti.

Kwa meneja nimezungumza lugha nyingine: madumu mangapi yatapungua kwa mwezi. Akatoa kikokotoo mwenyewe.

Saa 6 mchana, Manzese

Hapa ndipo penye mtihani wangu wa wiki. Dada mmoja anasaga na kufungasha unga wa uji wa lishe, anatafuta alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango, na amenilipa nimkague mchanganyiko na lebo. Mfuko umeandikwa kwa herufi kubwa: NAFAKA 12. Ndani kuna mahindi, mtama, uwele, ulezi, mchele, ngano, halafu soya, karanga, ufuta, mbegu za maboga na dagaa. Nimehesabu mara mbili, ni vitu 11, na nafaka ni sita tu.

Tumekaa kwenye magunia, vumbi la mashine limetufanya sote tuwe na mvi. Namweleza kwamba mahindi, mtama na ulezi vyote ni kundi moja, kuvirundika pamoja hakuongezi lishe, ni kama kuvaa mashati matatu ukasema umevaa suti. Nafaka moja au mbili na jamii ya kunde inatosha. Soya lazima ichemshwe au ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, maana ikiwa mbichi inazuia mwili kuvunja protini. Karanga ziuzwe pembeni, mama aongeze jikoni: zikikaa ndani ya unga mafuta yake yanaharibika, na zikiwa hazikukaushwa sawasawa zinaleta sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Hili la sumukuvu halina utani. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, kwa mahindi waliyoyahifadhi wenyewe.

Ananisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, dokta." Nimeshachoka kukanusha udaktari. "Lakini jirani yangu ameandika nafaka 15. Mteja anahesabu."

Sina jibu zuri hapo. Somo la kemia ya chakula halikunifundisha kushindana na namba 15. Tumefikia hapa: atatoa unga mpya wa ulezi, mahindi na soya, afanye mifuko michache kwanza, ule wa zamani aendelee nao bila karanga wala ufuta, na NAFAKA 12 ifutwe. Mawili nimekataa kabisa kuyajadili: maneno "huongeza damu", na "kuanzia miezi 4". Nimeandika miezi 6 kwa kalamu nyekundu, nikapiga mstari chini.

Saa 9 alasiri

Kompyuta, mgahawani, chai ya rangi. Ankara, risiti ya EFD (ile mashine ya kodi), na simu ya tatu wiki hii kwa kampuni moja niliyowafanyia semina mwezi wa pili. Mhasibu ametoka. Mhasibu huyu hutoka sana. Anayetaka kuacha ajira ahesabu kwanza miezi mitatu ya kodi ya nyumba, na akumbuke hela ikija imeshakatwa asilimia 5 ya kodi ya zuio.

Saa 11 jioni, Sinza

Mzazi wa mara ya kwanza, mtoto ana miezi minne na analia jioni. Mama mkwe amekuja kutoka mkoani kusaidia, na kwa mujibu wake maziwa hayatoshi. Juu ya kabati kuna mfuko wa uji wa lishe, si ule wa Manzese, umeandikwa "kuanzia miezi 4".

Mama wa mtoto hazungumzi. Ndipo ninapokumbuka kila siku kwamba katika kazi hii ninayemhudumia mara nyingi siye mwenye uamuzi. Kwa hiyo naanza na mama mkwe: shikamoo, habari za safari, watoto wake wangapi, aliwanyonyeshaje. Baada ya nusu saa ya hadithi namwonyesha kadi ya kliniki ya mtoto. Mstari wa uzito unapanda vizuri, sambamba na ule uliochapwa. Namwambia mtoto asiyeshiba hapandi hivi.

Ameiangalia muda mrefu. "Basi huyu analilia nini?"

Tumelizungumza hilo pia. Mfuko ameuhamishia jikoni. Kuuhamisha si kuutupa, nimeliona hilo.

Saa 2:15 usiku

Sauti ya WhatsApp kutoka kwa mama wa kantini, nyuma yake masufuria yanagongana. Zamu ya usiku imeshakula.

"Mwanangu, nimepima kwa lile jagi lako. Nusu, kama tulivyosema." Kimya kidogo. "Halafu meneja naye akaja kula na sisi, nikaona aibu, nikaongeza kidogo. Jagi silirudishi."