Siku moja Western Breach, na mgeni aliyetaka pole pole

Saa nane na nusu usiku, kambi ya Arrow Glacier, Kilimanjaro, chini ya ukuta wa Western Breach. Kabla ya chai natoka hemani, navua glavu na kushika jiwe kubwa kando ya njia. Limeganda, halitikisiki. Mimi ndiye kiongozi wa safari; nawahesabu watu wangu: 14. Wapagazi wengine wanazunguka kupitia kambi ya Barranco kutusubiri Mweka, kambi ya njia ya kushukia.

Mawe mengi ya ukuta huu wa Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, yameshikwa na barafu tu. Usiku inakaza, jua likipiga inaachia. Januari 2006 yaliporomoka yakaua wapandaji watatu kutoka Marekani, njia ikafungwa kwa muda. Kwa hiyo mfereji wa mawe, yaani mkondo yanamoporomokea, tunauvuka jua halijafika.

Saa tisa: uji, helmeti, kupima oksijeni kidoleni.

Saa kumi tulipaswa kuondoka. Mgeni mmoja anatafuta betri ya kamera. Dakika tano nilizompa zikawa ishirini. Akatoka, akafunga viatu, akafungua, akafunga tena. Nikamwambia, "Bwana, twende." Akatabasamu: "Pole pole!"

Neno hilo nilimfundisha mwenyewe siku ya kwanza, getini Londorossi, na kila siku nikamkumbusha, maana ndiyo dawa ya mwinuko. Huku juu lina mahali pake na mahali lisipofaa. Nyuma yake wapagazi wanane walikuwa wamesimama na mizigo, pumzi imewagandia kwenye skafu. Akichelewa yeye, watakaokutwa mferejini na jua ni wao, na mwenye kilo 20 kichwani haruki pembeni.

Nikamshika bega, nikamulika jiwe lililopasuka upya, vumbi lake bado kwenye theluji. "Jana mchana halikuwepo hapa." Akanyamaza. Tuliondoka saa kumi na dakika arobaini.

Mferejini navusha mmoja mmoja, wengine wamejibanza chini ya mwamba, masikio juu. Katikati kabisa akasimama apige picha. Nilimfokea kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea mgeni. Akavuka.

Watu mjini Moshi huniuliza, "Kazi yenyewe si kutembea tu na wazungu?" Ningependa wasimame pale dakika moja.

Baada ya hapo saa sizikumbuki vizuri. Theluji ya juzi ilikuwa imefunika ngazi za mwamba, nikatangulia nikichonga hatua kwa ncha ya buti, hatua moja, pumzi tatu. Mpishi akawa ananiuliza, "Kaka, upo?" nami najibu kwa kuinua fimbo. Jua lilikuwa limeshatua ukutani tuliposikia chini yetu sauti kama lori linamwaga kokoto. Yule mgeni alinitazama. Nikamwambia, sasa ndiyo pole pole.

Kreta, shimo la volkano juu ya Kibo, mita 5,700 na zaidi. Mahema yanasimamishwa mbele ya barafu ya Furtwängler, vidole vyangu havifungi hata zipu. Kilele cha Uhuru ni kesho alfajiri. Nawahesabu, kisha narudia kuanzia mwanzo kwa sababu kichwa kimechoka.

14.