Pecuniary, neno la mahakamani linalonuka zizi

Kama umewahi kufuatilia kesi ya madai utakuwa umelisikia hili neno la Kiingereza, pecuniary. Mawakili wanalipenda kweli, wakibishana kama mahakama fulani ina mamlaka ya kusikiliza shauri la thamani fulani ya pesa utalisikia, wakisema fulani alifanya jambo kwa maslahi ya pesa utalisikia tena. Maana yake ndo hiyo tu, kinachohusu pesa. Utamu uko kwenye asili.

Limetoka Kilatini, pecunia yaani pesa, na pecunia yenyewe imezaliwa na pecus, mifugo. Warumi wa zamani hata faini walitozana kwa mifugo, karne ya 5 KK ikatungwa sheria kwamba faini ya juu kabisa iwe kondoo 2 na ng'ombe 30, baadae wakahamia kwenye shaba, kondoo mmoja akahesabiwa asi 10 (asi ni pesa yao ya shaba) na ng'ombe asi 100. Hapo nilicheka, maana nenda mnada wa mifugo wa Msalato, Dodoma, Jumamosi, ukikuta mbuzi wa laki na dume la milioni ujue ni hesabu ileile ya Warumi. Na vipande vyao vya shaba vingine vilichorwa ng'ombe dume kabisa!

Wala sio hilo peke yake. Cattle na capital, ng'ombe na mtaji, ni ndugu wa tumbo moja, wote wametokana na capitale ya Kilatini, nayo imetoka kwenye caput, kichwa. Kiingereza cha kale kilikuwa na feoh, neno moja hilohilo kwa mifugo na kwa pesa. (Hata peculiar imo kwenye ukoo huu, ilianza kama mali ya mtu binafsi ndo ikaishia kuwa kitu cha ajabu, sijui Waingereza walipitia wapi.)

Sasa mchukue mzee wa Kigogo kutoka huko Bahi, katambuga miguuni, fimbo begani, pale mnadani anambonyeza dume nundu, anamwangalia meno, anamtajia dalali bei na dalali habishi sana. Mahari za wanae kalipa kwa ng'ombe, ada za shule kwa ng'ombe, zizi limejaa. Akienda benki kuomba mkopo wa kuongeza mtaji, anaulizwa hati ya nyumba iko wapi.