Nilivyoendesha kozi ya kompyuta ya jioni Tabora kwa walimu wa kuazima

Nilipopewa uratibu wa kozi za kompyuta za jioni kwenye chuo kimoja hapa Tabora mjini, nilikabidhiwa ufunguo wa maabara, rejesta iliyochanika jalada, na walimu watatu ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa mwajiriwa wa chuo. Mmoja alikuwa mhasibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima wa tumbaku. Mwingine alikuwa mwalimu wa hisabati wa sekondari. Wa tatu alikuwa kijana mwenye steshenari karibu na stendi. Wote walikuja kufundisha jua likishaelekea Kigoma, wakiwa wameshachoka na kazi zao. Waajiriwa wa kudumu walikuwa fundi wa maabara, mzee aliyewahi kufanya kazi reli, na mama wa mapokezi. Mimi mwenyewe mchana nilikuwa darasani na vijana wa kozi za kawaida.

Darasa la jioni halifanani na la mchana. Zamani walikuja vijana wanaotafuta cheti cha kuambatanisha kwenye barua ya kazi. Mwaka 2023 mambo yakageuka. Serikali iliachana na fomu za OPRAS, upimaji wa utendaji wa watumishi ukahamia kwenye mfumo wa mtandaoni wa PEPMIS, na mwaka huohuo zabuni za serikali zikaanza kupita kwenye mfumo mwingine wa mtandaoni, NeST. Ghafla tukaanza kupokea walimu wa shule za msingi, manesi wa Hospitali ya Kitete, watendaji wa kata, na mafundi ujenzi wanaotaka kuomba kazi za halmashauri. Wengi walikuwa wanapeleka simu steshenari, kijana anawajazia majukumu yao, na nywila wanamwachia hukohuko ili wasisumbuke wiki ijayo. Kijana wetu mwenyewe alikuwa anapata hela nzuri kwa kazi hiyo. Nilimtania kwamba anajitilia mchanga kwenye kitumbua chake. Akanijibu, "Bosi, wateja hawaishi. Akishajua kujaza mwenyewe, ndiyo atakuja kuprinti kurasa nyingi."

Tatizo nililolikuta halikuwa walimu kutojua kompyuta. Mhasibu yule, kwa mfano, Excel, ile programu ya majedwali na hesabu, ipo kwenye vidole vyake kuliko mtu yeyote mwenye shahada niliyewahi kufanya naye kazi, kwa sababu kila msimu anahesabu mitumba ya tumbaku ya wakulima na akikosea senti moja wanamfuata nyumbani. Shida ilikuwa kwamba kila mmoja alifundisha kama vile yuko peke yake. Jumatatu huyu anafundisha kutengeneza folda, Jumatano mwenzake anaingia na kuanza tena na folda, Ijumaa wa tatu anarukia fomula. Wanafunzi watu wazima hawagombi, unajua. Wanasema taratibu, "Mwalimu, hii tulishafanya," halafu wiki inayofuata huwaoni.

Nilianza na kundi la WhatsApp, nikiamini walimu wataachiana taarifa humo. Halikufaa. Ujumbe wa "tumeishia ukurasa wa nane" ulizikwa chini ya ubishi wa Simba na Yanga, na mhasibu alikuwa anatuma sauti ndefu ambazo hakuna aliyekuwa na bando la kuzisikiliza. Nikanunua kaunta buku. Nikaliweka kwenye meza ya fundi, na mwalimu akimaliza kipindi anaandika mambo matatu: tumeishia wapi, nani amekwama na amekwama kwenye nini, na mashine ipi imesumbua.

Mwanzoni waliandika "Excel, inaendelea." Sikulumbana nao. Nilibadilisha utaratibu wa saini tu: kipindi kinahesabiwa kwenye malipo pale fundi anaposoma maelezo na kusema ameyaelewa. Fundi si mwalimu, na ndiyo maana nilimchagua yeye. Kama mzee yule hajaelewa maelezo, mwalimu wa kesho hataelewa pia. Mwalimu wa hisabati alinuna. Kwake ilikuwa ni kukaguliwa na mtu wa bisibisi. Lakini baada ya muda ni yeye aliyekuwa anaandika vizuri kuliko wote, kwa herufi za ubaoni: "Mama wa kiti cha dirishani anahifadhi faili vizuri ila akifunga hajui kulifungua. Msimwongeze kitu hadi aweze."

Hilo la kupotelewa na faili linahitaji maneno mawili matatu, maana ndilo lililotupa mtihani wa kumpangia mtu darasa. Zamani mama wa mapokezi alikuwa anauliza, "Unajua kompyuta?" Kila mtu anajibu "kidogo." Kidogo ya nani? Tukaacha kuuliza. Anayekuja kujiandikisha anapewa mashine, anaambiwa aandike jina lake na mtaa anakokaa, ahifadhi, afunge kila kitu, kisha alitafute faili lake alifungue tena. Kuandika wengi wanaweza, wamezoea simu. Kwenye kulitafuta ndipo jasho linapotoka. Simu haikuulizi unaweka wapi, picha inajiweka yenyewe. Kompyuta inakuuliza, na mtu anabonyeza tu sawa bila kuangalia jina la folda. Anayelipata faili lake anakwenda kwa mhasibu. Anayelikosa anaanza na kijana wa steshenari, ambaye ana uvumilivu wa ajabu na watu wazima, nadhani kwa kuzoea kaunta.

Tulipofika kwenye Excel ndipo nilipoona walimu wanahitaji kukaa pamoja, kaunta buku peke yake halitoshi. Alikuwepo mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama mchangamfu, ambaye alikuja na matokeo halisi ya darasa lake, watoto 52. Alijumlisha, akapata wastani, kisha akataka nafasi. Akaandika =RANK(H2,H2:H53) kwenye mstari wa kwanza, mtoto akatoka wa saba. Akaivuta fomula hadi chini. Kufika mwisho, mtoto wa mwisho kwenye orodha akawa wa kwanza darasani. Mama akacheka hadi akavua miwani. "Huyu? Huyu ndiye aliyeniandikia insha ya mistari miwili!"

Sababu yake ni ndogo. Fomula ikivutwa chini, eneo la kulinganisha nalo linashuka, hivyo mtoto wa mwisho analinganishwa na yeye mwenyewe na visanduku vitupu. Dawa ni kufunga eneo kwa alama ya dola: $H$2:$H$53. Mhasibu akamwambia aweke dola. Mama akasema mwalimu wa hisabati alishamfundisha abonyeze F4, ila kila akibonyeza hakuna dola inayotokea. Kumbe alikuwa kwenye laptopu, ambako kitufe hichohicho cha F4 kimepewa kazi nyingine hadi ukibonyeze pamoja na kitufe cha Fn. Walimu wawili, wote sahihi, na mwanafunzi katikati anaamini kibodi imeharibika.

Tangu hapo walimu, fundi na mama wa mapokezi wakawa wanakutana Jumamosi moja kila mwezi, asubuhi, nje chini ya mwembe. Chai na chapati juu ya chuo. Hilo nililipigania kama mshahara. Hatukuwa na ajenda kubwa. Tulikuwa tunasoma kaunta buku na kukubaliana njia moja ya kufundisha kila kilicholeta mkanganyiko: dola inaandikwa kwa mkono kwanza, F4 itakuja baadaye. Folda moja kwa kila mwanafunzi, yenye jina lake, ndani ya Documents, wala si kwenye skrini ya mbele. Mwenye flashi anaipitisha kwa fundi kabla ya kuichomeka, maana flashi za mjini zinakuja na virusi vinavyogeuza mafaili yote kuwa vialama vya njia ya mkato.

Ratiba nayo ilibidi ipangwe upya. Tabora jua linazama karibu na saa moja, na nusu ya darasa ni Waislamu. Zamani kipindi kilikuwa kinakatwa katikati na watu kutoka mmojammoja, mwalimu anapoteza uzi. Tukaanza saa kumi na moja, mafundisho mapya yote yakawa kabla ya Magharibi, tukapumzika kwa swala na chai, kisha hadi saa mbili kasorobo ni mazoezi tu chini ya usimamizi wa fundi. Hii ilimsaidia pia mwalimu wa siku hiyo, kwani akiwa na dharura anaweza kuondoka jua likizama bila kuharibu kitu. Ramadhani tulikuwa tunamaliza kabla ya futari. Kuvuka saa mbili sikukubali kabisa, kwa sababu wamama wengi walikuwa wanarudi kwa bodaboda na nauli ya usiku si ya mchana.

Kuhusu malipo nitasema kwa kifupi, ingawa ndiyo iliyonichosha zaidi. Chuo kilikuwa na desturi ya kuwalipa walimu wa muda mwisho wa muhula, na mwisho wa muhula nao unasogea. Nilimwomba mkuu wa chuo tukae na rejesta. Nikamwonyesha jioni ambazo mwalimu hakutokea, na majina ya wanafunzi ambao baada ya jioni hizo hawakurudi wala hawakumalizia ada. Sikuongeza neno. Tukakubaliana sehemu ya ada ya jioni isiingie kwenye kapu kubwa, walimu walipwe kwa kipindi, kila Ijumaa, kwa simu. Mhasibu wa chuo hakupenda, na sijui kama amewahi kupenda. Ila utoro wa walimu ulipungua mno, isipokuwa msimu wa masoko ya tumbaku, ambao hata ungemlipa mhasibu wetu mara mbili hawezi kutoka sokoni mapema. Kipindi hicho tulimpangia Jumamosi.

Na mama wa mapokezi, kama kuna aliyestahili nyongeza ni yeye. Alikuwa anajua nesi gani yuko zamu ya usiku, nani amefiwa, nani ameona aibu tu. Huyo wa aibu alikuwa anampigia mwenyewe: "Mama fulani, kiti chako kipo, hakuna aliyekikalia."

Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 ulitukuta tukiwa na kompyuta za mezani kumi na nne na UPS, vile vifaa vya kushikilia umeme ukikatika, ambazo betri zake zilishakufa. Umeme ukikata, kazi ya saa nzima inakwenda nao. Fundi akapita mashine moja baada ya nyingine, akabadilisha muda wa Word na Excel kujihifadhia nakala kutoka dakika kumi hadi moja. Kisha akaanzisha jambo lililowachekesha wote: kila baada ya muda anapaza sauti kutoka kwenye kona yake, "Sevu!" na darasa zima linabonyeza Ctrl na S. Mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilipoanza kuzalisha Februari 2024, hali ikatulia. Mzee hakuacha kupaza sauti.

Sasa hivi tunahangaika na Windows 10, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia kwa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine zetu nyingi ni za zamani, Windows 11 inazikataa. Fundi ameweka Linux Mint na LibreOffice, programu za bure za kutumia badala ya Windows na Office, kwenye chache, na kijana wa steshenari anaziunga mkono, kwani PEPMIS inafunguka kwenye kivinjari chochote. Mhasibu hataki hata kuzisikia. Anasema wakulima wake hawawezi kusubiri ajifunze menyu mpya. Jumamosi iliyopita tulibishana hadi chai ikapoa. Tumekubaliana wanaoanza wakae kwenye Linux, wa Excel wapewe zile zinazokubali Windows 11, na zilizobaki na Windows 10 zitumike kwa mazoezi ya kuandika tu, pasifunguliwe humo mfumo wowote unaodai nywila. Mhasibu amenuna, ila jina lake lipo kwenye ratiba ya Jumatatu na ameshalitilia saini.