Hupigani, unasubiri

Mama ametolewa plasta, kitengo chetu kimepata mkuu mpya, mkataba wa nyumba umesainiwa baada ya vuta nikuvute mliyoisoma hapa. Wiki ya maana kabisa. Lakini kichwani mwangu imebaki sentensi moja tu ya kitindamimba wetu, aliyoisema akiwa amesimama nyuma ya kiti changu.

Nilikuwa ndani ya Skyrim, lile gemu la kompyuta la mapanga na majoka. Mhusika wangu mnamjua: dirii nzito, chapeo, rungu mkono mmoja, ngao mkono mwingine. Tulikuwa chini kwenye makaburi ya kale, na maiti mmoja mwenye shoka la mikono miwili alikuwa anatujia. Nikainua ngao.

"Dada, mpige!"

"Ngoja kwanza."

"Wewe dada hupigani. Unasubiri."

Kisha akaaga, akaenda zake. Hakusema kwa ubaya, namjua. Yeye ni mtu wa upinde na giza, adui anakufa kabla hajajua kaja nani. Ila sentensi ile nimelala nayo, nimeamka nayo, nimekwenda nayo kazini. Hupigani, unasubiri. Najaribu kuisikia kama utani, inagoma. Mliokuwapo wakati ule nilipokataa uhamisho mnakumbuka nani aliniambia maneno ya namna hiyo hiyo, na hayakuhusu gemu.

Mdogo wangu, ungebaki dakika moja tu ungeona. Yule maiti alinyanyua shoka lote juu kwa lile pigo zito, na hapo hapo nikamgonga na ngao usoni. Pigo likakatika, akapepesuka, rungu likafuata. Ukigonga mapema unapoteza nguvu zako bure. Ukichelewa, shoka limeshakufikia. Macho yangu yalikuwa kwenye mabega yake muda wote uliodhani nimezubaa.

Tena kuna hili ambalo wapenda upinde hawalifikirii. Ukiacha vitabu na walimu wa kulipia, ustadi wa dirii nzito hukua kwa kupigwa ukiwa umeivaa, na ustadi wa ngao hukua kwa kupokea mapigo. Hakuna njia ya kujificha humo. Kila pointi niliyonayo, kuna mtu aliniangushia kitu kizito ili niipate.

Jana usiku, badala ya kuendelea kumjibu mtu asiyekuwapo, nikampeleka mhusika kwenye meza ya mhunzi. Nilikuwa nimelimbikiza vipande vya chuma tangu mwezi uliopita. Nikaboresha dirii, nikafungua ukurasa wa vifaa kuangalia namba ya ulinzi. Nikaboresha glavu, nikaangalia tena. Buti, chapeo, ngao mwisho. Ilipofika 542 nilipiga makofi peke yangu chumbani.

Wageni wa hesabu hii: kila pointi ya ulinzi inayoonekana hupunguza madhara ya silaha kwa asilimia 0.12, na kila kipande unachovaa kina pointi 25 za siri juu yake. Kikomo ni asilimia 80. Kwa vipande vinne unakifikia ukiwa na 567. Ngao ikiwa mkononi, 542 zinatosha. Ukizidisha hapo unabeba uzito tu. Na msichoke njiani, kwa sababu pointi za mwisho ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote. Mwenye asilimia 60 anapokea 40 katika kila 100 anazopigwa. Mwenye 80 anapokea 20. Nusu! Ndiyo maana huwa nawasihi wanaoniuliza wasiishie katikati.

Moto wa joka ni habari nyingine, maana chuma hakiuzuii. Hapo unahitaji kinga ya uchawi, nayo kikomo chake ni asilimia 85. Mimi nimeanza na lile jiwe la Lord, mojawapo ya mawe ya baraka ndani ya gemu, linalotoa asilimia 25 ya kinga hiyo na pointi 50 za ulinzi juu yake, na kwenye nyota za ngao, yaani vipawa unavyochagua ustadi ukikua, nimechukua ile inayopunguza nusu ya moto, barafu na radi ukiwa umejikinga kwa ngao.

Usiku ule ule nikarudi makaburini. Wakaja watatu kwa pamoja, mmoja na shoka lake, nikasimama mlangoni, kila pigo linalia kwenye ngao na damu yangu haishuki hata robo. Nilicheka kwa sauti. Nilifurahi kama sijafurahi siku nyingi, na kwa mara ya kwanza wiki hii ile sentensi haikunifuata kitandani.

Leo kinachonisumbua ni paka. Hajala tangu jana asubuhi, anakunywa maji tu, na jicho la kushoto limeanza kutoa machozi. Kesho nikitoka kazini nampeleka kwa daktari wa mifugo, ikiwa nitawahi kabla hawajafunga.